Nani Anataja Bei ya Pori?



Katika gazeti letu hili dogo mimi kapita wenu nimezoea kuandika juu ya kuchelewa, usafi wa madarasa na makelele wakati wa etude. Mwezi huu naomba ruhusa ya kuandika juu ya jambo kubwa kidogo. Siku hizi kuna watu wenye elimu wanaohesabu kwa dola faida ambazo pori, mito na udongo vinatupa. Wengine kati yetu wanasema ni vizuri sana. Wengine wanasema ni matusi kwa Muumba. Katika mjadala wetu wa Jumamosi karibu tugombane. Basi nataka kusema yangu, na kila mtu atapima.

Msifikiri jambo hili ni la wakubwa wa Kinshasa na wazungu peke yao. Linakuja kwa mlango wa baba yako, na wewe ndiwe utaitwa kuufungua. Nitaonyesha.

Tuanze na makala. Hapa Kabondo kila nyumba inajua bei ya mfuko wa makala. Ikipanda, mama anajua siku ile ile, na wewe unajua kwa ukubwa wa sahani ya jioni. Lakini ndani ya bei ile kuna nini? Kuna jasho la mtu aliyekata mti, akapanga vipande, akavifunika na udongo, akachunga moto usiku na mchana. Kuna mfuko wenyewe na kamba. Kuna lori au kinga iliyoleta mzigo kwa barabara ya Buta, ya Ituri au ya Lubutu. Kuna pesa zilizobaki njiani kwenye barieri. Kuna faida kidogo ya mama anayeuza. Jumlisha vyote, utapata bei ya mfuko. Sasa niambie: mti wenyewe, uliokua kwa miaka hamsini au sitini, ulilipwa ngapi? Sifuri. Hakuna aliyeulipa, hakuna aliyeuhesabu.

Mbao nazo ni hivyo hivyo. Chukua mti wa sapeli, ambao watu wa Tshopo wote wanaujua. Mwenye mashini ya kukata anaangalia shina lake na kuona metre kube za mbao nyekundu nzuri. Mama wa kijijini anaangalia majani yake na kuona mbinzo, kwa sababu sapeli ni mmoja wa miti inayolisha mbinzo, na msimu ukifika familia nzima inaokota. Wanakula, wanakausha, wanaleta soko, na wengi wetu tumelipiwa minerval na mbinzo bila kujua. Mbao zinauzwa mara moja. Mbinzo zinarudi kila mwaka, kama mti ungali umesimama. Lakini katika vitabu vya hesabu vya Leta, mbao zinaandikwa, mbinzo haziandikwi. Kwa hiyo mti uliosimama unaonekana sawa kitu bure, na siku unapoanguka ndipo unaanza kuitwa mali.

Hapo ndipo wale wenye kuhesabu wana haki. Wamesema: tusiache nafasi ile tupu, tuandike namba. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake kumi na wawili walitoa hesabu katika gazeti la sayansi linaloitwa Nature. Walitaja kazi 17 ambazo viumbe na nchi vinatufanyia: kuleta na kusafisha maji, kushika udongo usiondoke, kuzalisha maua kwa nyuki, kutuliza hewa, na nyingine. Wakajumlisha dunia nzima, wakapata kama dola miliari 33,000 kwa mwaka mmoja. Miliari moja ni milioni elfu, ndugu zangu. Na wakati ule mapato yote ya watu wote wa dunia yalikuwa kama miliari 18,000 tu. Yaani kazi ya bure ilikuwa karibu mara mbili ya kazi ya kulipwa.

Mtauliza, walihesabu namna gani kitu kisichouzwa? Njia ni nyingi, nitaeleza tatu. Ya kwanza ni bei ya soko: mbinzo, samaki, fumbwa na kamba za kekele zina bei, basi zihesabiwe. Ya pili ni kuuliza: kama kitu hiki kikifa, kukirudisha kutagharimu ngapi? Mji wa New York ulifanya hivyo katika miaka ya 1990. Maji yake yanatoka katika milima ya Catskill. Waliambiwa kujenga mashini kubwa ya kuchuja maji kutagharimu dola miliari sita mpaka nane. Wakaona ni afadhali kulinda misitu na mashamba ya kule juu, kwa fedha pungufu sana, na maji yakaendelea kufika masafi. Njia ya tatu ni kuuliza watu wenyewe: wewe ungelipa ngapi ili kitu hiki kibaki, au ungepokea ngapi ili kiondoke? Shikeni sana njia hii ya tatu, nitairudia.

Sasa tuangalie kwetu, maana hatukosi cha kuhesabu. Pale Yangambi, kama kilometa 100 tukishuka mto, kuna hifadhi ya pori ambayo UNESCO iliiandika tangu mwaka 1976. Ndani yake, tangu mwaka 2020, kuna mnara wa chuma wa metre 55 unaopita vichwa vya miti. Unapima hewa ya karboni inayoingia katika pori na inayotoka. Ulikuwa wa kwanza wa namna ile katika pori la bonde la Kongo, na uko katika provensi yetu. Tena, chini ya mapori ya maji ya kule magharibi, kwa upande wa Equateur na majirani zake, kuna udongo mweusi, sawa na potopoto isiyokauka, uliofanywa na majani na mizizi ambayo haikuoza kabisa kwa maelfu ya miaka. Watu wa sayansi walichora ramani yake mwaka 2017, wakairudia mwaka 2022, na kati ya waandishi wa hesabu ya 2022 alikuwamo Corneille Ewango wa Universite yetu ya Kisangani. Udongo ule umeshika karibu miliari 29 za tani za karboni, na sehemu mbili kwa tatu ziko upande wa Kongo yetu. Ukichomwa au ukikaushwa, karboni ile yote itapanda juu na kuzidisha joto la dunia.

Na mvua? Kisangani inapata karibu milimeta 1,800 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya maji yale pori lenyewe linayavuta kutoka udongo, linayarudisha hewani, yanaanguka tena mbali zaidi. Mkulima wa mahali pengine anapanda mahindi kwa mvua iliyopita kwetu. Hajawahi kutuletea hata gunia moja la shukrani, na sisi hatukumwomba, kwa maana hatukujua.

Mpaka hapa mtasema, basi Kapita anakubali bei. Ngojeni.

Mwaka 2018 nchi yetu ilifanya mapatano na mfuko mmoja wa Banki ya Dunia juu ya pori la Mai-Ndombe. Kama Mai-Ndombe ingezuia tani milioni 11 za hewa ya karboni zisipande, ingelipwa mpaka dola milioni 55. Hesabu hii hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiweza: gawanya 55 kwa 11. Tani moja, dola tano. Sasa, katika soko la Ulaya, pale viwanda vinaponunua ruhusa ya kutoa hewa ile ile, mwezi wa pili 2023 tani moja ilipita euro 100. Najua, walimu wa ekonomi watanikemea: ni soko mbili tofauti, sheria zao si moja, na kuhakikisha kwamba pori limelindwa kweli ni kazi ngumu kuliko kupima moshi wa kiwanda. Nakubali. Lakini hewa ni moja. Tani ya moshi haina pasipoti. Kwa nini basi ya kwetu iwe tano na ya kwao mia?

Mimi jibu langu ni hili: bei haipimi ukubwa wa kitu peke yake. Inapima pia njaa ya muuzaji. Ninyi nyote mnajua habari ya Esau tangu darasa la siku ya Mungu. Aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa sahani ya dengu. Wengi wanamcheka kama mjinga wa hesabu. Mimi sidhani alikuwa mjinga. Alitoka porini amechoka, tumbo tupu, na aliyekuwa na chungu alijua hivyo. Kwa siku ile, kwa mtu yule, sahani moja ilikuwa bei ya kweli. Kosa halikuwa katika kujumlisha. Lilikuwa katika saa ya kuuliza na katika mtu aliyeuliza.

Sasa rudieni njia ya tatu. Nenda kwa mzee wa Opala au wa Bafwasende wakati mtoto wake ni mgonjwa na hospitali inangoja pesa. Muulize: ungepokea ngapi ili pori la babu yako liondoke? Atataja namba ndogo. Utaiandika katika kitabu, utaipeleka mji mkubwa, na watu watasema: tazama, tumewauliza wenyeji wenyewe, pori lao lina bei ndogo. Muulize mzee yule yule mwaka ambao watoto wote wako wazima na mihogo imejaa, atakufukuza na fimbo. Pori halikubadilika. Njaa ndiyo ilibadilika.

Kwa hiyo ndugu zetu waliosema Jumamosi, "Pori iko ya bure, Mungu njo aliipanda, nani ataiuzisha?" nawaheshimu, lakini nawauliza: neno hilo la "bure" limemlinda nani? Kitu kinachoitwa bure ndicho kinachochukuliwa kwanza. Mwaka 2022 Leta ilitangaza mnada wa sehemu 27 za kutafuta petroli, na nyingine zilikuwa juu ya ule udongo mweusi. Petroli ilikuwa na namba, udongo haukuwa na namba. Mnada ule ulifutwa mwezi wa kumi 2024. Halafu mwaka 2025 zikatangazwa sehemu mpya 52. Na mwaka ule ule wa 2025 Leta iliweka sheria ya Ukanda wa Kijani kutoka Kivu mpaka Kinshasa, zaidi ya kilometa za mraba 500,000, unaofuata mto na kupita kwetu. Petroli kwa mkono mmoja, ukanda wa kijani kwa mkono mwingine. Siku mikono ile miwili itakapogombania mahali pamoja, mtu atafungua kitabu cha hesabu. Kama upande wa pori ukurasa ni mweupe, mnajua nani atashinda.

Na wale wengine waliosema, "Kama wanataka kulipa, walipe! Sisi tuko na lazima ya mabati," nao nawaelewa. Mvua ikinyesha juu ya darasa la tatu, hakuna anayesoma. Lakini nawauliza: nani alitaja bei, lini, na karatasi iliandikwa kwa lugha gani? Maana kuhesabu ni kitu kimoja, kuuza ni kingine. Mama yangu akihesabu watoto wake jioni, hahesabu ili awauze. Anahesabu ili ajue kama mmoja amepotea.

Hapa sasa ndipo jambo linafika kwa mlango wetu. Wengi wetu tunakaa hapa Kabondo kwa mjomba au kwa baba mdogo, lakini wazazi wako Isangi, Opala, Ubundu, Bafwasende, Banalia. Huko watu wenye karatasi wameanza kufika zamani. Kule Isangi mradi wa kuuza karboni ulianza mwaka 2009. Watafika na kwingine. Karatasi itakuwa ya Kifaransa, kurasa nyingi, na maneno ambayo chifu hayajui. Chifu atasema, "Muite yule mtoto anayesoma Kisangani." Mtoto yule ni wewe. Wazee wote watakuwa wamekaa, chai iko mezani, mgeni ana haraka kwa sababu pikipiki yake inamngoja. Watakuangalia wewe. Utasoma nini, na utasema nini?

Ndiyo sababu naandika. Egzame ya Leta haitatuuliza swali hili, lakini kijiji kitatuuliza. Basi mimi naona tunatakiwa kujua maswali manne kwa moyo.

La kwanza: ni kazi gani ya pori inayolipwa? Karboni peke yake, au na maji, mbinzo, dawa, makaburi ya wazee? Kama ni karboni peke yake, iandikwe kwamba vingine vyote vimebaki vyetu.

La pili: mama ataruhusiwa nini kesho? Kukata kuni? Kuokota? Kulima shamba jipya? Pesa zinazoingia zisipofikia chakula kilichokatazwa, ile si malipo, ni hasara yenye risiti.

La tatu: pesa zinapita mikono mingapi kabla ya kufika, na nani anaonyesha hesabu mbele ya watu wote?

La nne: pori ni la nani katika sheria? Msidharau swali hili. Kodi ya misitu ya mwaka 2002 inasema mapori ni mali ya Leta. Lakini dekreti ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014 inaruhusu kijiji kuomba konsesio yake ya pori, mpaka hektari 50,000, bila kulipa na bila mwisho wa miaka. Kijiji chenye karatasi ile kinakaa mezani kama mwenye nyumba. Kijiji kisicho nayo kinakaa kama mgeni kwa nyumba yake.

Msiseme haiwezekani watu wa kawaida kuongoza hesabu wenyewe. Kule Kenya, pwani ya Kwale, watu wa Gazi na Makongeni wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Tangu mwaka 2013 wanalinda hektari 117 za mikoko na kuuza karboni yake. Si pori kubwa, na pesa si nyingi. Lakini kamati ni ya wanakijiji, na pesa zimeleta maji ya bomba na vitu vya masomo vinavyoonekana kwa macho. Hawakungoja mtu awatajie njaa yao. Walikaa kwanza, wakajua wanachotaka, ndipo wakauza kidogo, na mikoko imebaki yao.

Sasa shauri langu, na naomba Bwana Prefe na walimu wa biologia na jiografia watusaidie. Likizo kubwa inakuja. Kila mwanafunzi atakayekwenda kijijini achukue daftari moja. Kwa mwezi mmoja aandike kila siku kitu ambacho nyumba yao imepata kutoka pori na mto: kuni mafungu mangapi, maji ndoo ngapi, mbinzo, samaki, majani ya kufunika nyumba, dawa ya mtoto, kamba, uyoga. Pembeni aandike bei ya soko kama iko. Kama haina bei, aandike kingekosekana wangefanya nini. Na vile ambavyo wazee watasema, "Hiki hakiuzwi," avipangie ukurasa wake peke yake na kuandika sababu yao, bila kubishana nao. Ukurasa ule ni wa maana kuliko zote, kwa kuwa siku ya karatasi chifu ataweza kuanza nao: haya kwanza hayamo katika mazungumzo, sasa tuongee juu ya mengine.

Mwezi wa tisa mtaleta madaftari. Sisi wa mwaka wa sita hatutakuwapo tena, Mungu akitujalia kufaulu. Wa tano watajumlisha, na gazeti hili litaandika matokeo. Halafu kila mmoja arudishe nakala kwa chifu wake, isomwe kwa lugha ya kijiji.

Itakuwa hesabu ndogo ya watoto wa masomo, si miliari 33,000. Lakini itakuwa imefanywa na wenye pori, siku ambayo hakuna aliyekuwa na haraka, kabla ya mgeni kushuka kwa pikipiki yake. Yeye akifika na namba yake, atakuta na yetu iko mezani.

Nimesema. Asiyekubali aandike jibu lake kabla ya Ijumaa, ampe mwenye kupiga stensil, nasi tutalisoma.

Kapita wa wanafunzi,
Mwaka wa Sita, Kabondo